Kadi ikitoka usiulize nani mkali, uliza pambano litapiganiwa wapi

Mjomba wangu ni mtu wa ngumi. Ngumi zenyewe, za tangu enzi za Rashid Matumla, na ukimtajia Mwakinyo alivyomzimisha Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018 ananyanyuka kwenye kiti anakuonyesha mkono ulipita wapi. Siku ya kwanza nilipomwita kwangu Chikongola, hapa Mtwara, Jumapili alfajiri tuangalie UFC, yale mapambano ya MMA ya kwenye kizimba, akavumilia kama dakika kumi hivi, kwenye tivii jamaa mmoja kamganda mwenzie mgongoni, miguu kaifunga kiunoni, kimya, hakuna ngumi wala nini, akanigeukia: "We mpwa, hawa wanapigana au wamelala?"

Nilicheka, lakini baadae nikaona swali lake ndo lenyewe. Maana pale kijiweni kwetu kadi ya mapambano ikitoka tu watu wanaanza kubishana nani mkali. Huyu ana ngumi nzito, yule hajawahi kupigwa, huyu Mwafrika mwenzetu. Alafu Jumapili asubuhi mikeka yote imechanika na lawama wanabebeshwa majaji. Jamani majaji wanakosea kweli, nitafika huko, ila mara nyingi kilichokosewa ni swali. MMA ni michezo minne imefungiwa kwenye kizimba kimoja: kuna ngumi na mateke, kuna kubanana kwenye wavu, kuna mieleka, alafu kuna kule chini kwenye roba na kuvunjana viungo, na mtu anaweza kuwa mfalme kwenye mmoja akawa mtoto kabisa kwenye mwingine. Sa ukisema fulani mkali, mkali wapi?

Kwaiyo mi nikiona kadi swali langu ni hilo moja. Hili pambano litapiganiwa wapi, na kati ya hawa wawili nani mwenye uwezo wa kulipeleka huko?

Pita jioni ufukweni Shangani utawaona watoto wanacheza mieleka kwenye mchanga. Kuna siku nilisimama nikaangalia wawili, mmoja mrefu mikono kama ngalawa, kila mfupi akisogea anakula kibao cha shingo, wenzao wanashangilia. Mfupi hakujibu hata kimoja. Alikuwa anangoja ule mkono unyooke, unyooke tu, akainama akapita chini yake akakumbatia miguu yote miwili kwenye magoti, bega kalipachika tumboni, na mrefu akakaa kwenye mchanga kwa makalio kama amekaribishwa kiti. Kuanzia hapo ile mikono mirefu haikuwa na kazi tena. Kwa kupiga, mrefu alikuwa bora, hilo halina ubishi, lakini mfupi ndo alikuwa anaamua wacheze mchezo gani.

Na ndo kilichotokea kwenye UFC ya kwanza kabisa, Novemba 1993, Denver, Marekani. Kulikuwa na Mbrazili mwembamba anaitwa Royce Gracie, kilo kama 80 tu, amevaa zile nguo za judo, na mpinzani wake wa kwanza alikuwa bondia Art Jimmerson aliyeingia na glovu moja mkononi (moja, sikutanii). Jimmerson akaangushwa, akakaliwa juu, akaomba poo hata roba yenyewe hajapigwa. Gracie akashinda watatu usiku ule ule akabeba ubingwa. Siku hizi kila mtu anajua kidogo kidogo kila kitu, hakuna tena bondia wa kuingia kichwa kichwa vile, lakini hesabu ya msingi haijabadilika hata chembe.

Angalia Francis Ngannou, mpiga ngumi nzito, mtu wetu wa Cameroon, maana kwake unaiona hesabu hii vizuri kuliko kwa mtu yeyote. Januari 2018 anakutana na Stipe Miocic, dunia nzima inasema Miocic atalala raundi ya kwanza. Miocic akala mbili tatu nzito, hakuanguka, alafu akaanza kumbeba Ngannou na kumlaza, kumbeba na kumlaza, mpaka raundi ya tatu Ngannou anatembea kama mtu aliyepandisha gunia la korosho ghorofani. Majaji wote watatu walimpa Miocic pointi 50-44. Machi 2021 wakarudiana, watu wale wale, ngumi zile zile. Safari hii Miocic akijaribu kushika miguu anakuta Ngannou kajifunza, kakaa chini, kamlalia uzito wote, hakuna kwenda popote. Pambano likabaki limesimama, na likisimama na Ngannou ni balaa, raundi ya pili Miocic kalala. Nguvu zilikuwepo mara zote mbili. Mara ya kwanza ufunguo wa nyumba alikuwa nao Miocic, mara ya pili hakuwa nao.

Alafu ndo inakuja kituko, Januari 2022, Ngannou na Ciryl Gane wa Ufaransa, hawa waliwahi kufanya mazoezi gym moja Paris. Gane hajapoteza pambano hata moja, mwepesi, anacheza mbali. Kijiweni kwetu kulikuwa na makundi mawili tu: Ngannou atamuua kwa ngumi, au Gane atamkimbiza mpaka pumzi imkate. Raundi mbili za kwanza Gane anaongoza, na Ngannou goti lake bovu, kumbe aliingia nalo bovu. Raundi ya tatu Ngannou akamnyanyua Gane akambwaga chini. Ngannou! Mpiga ngumi! Akashinda kwa pointi kwa kutumia mieleka. Hakuna aliyetabiri hivyo pale kwetu na mimi nikiwemo, tulisahau kuuliza kama na yeye siku hizi ana njia ya kulihamisha pambano.

Sasa usidhani basi kila mwana mieleka anashinda, ndo kosa la pili hilo, mtu akishaelewa hili la kwanza anaruka moja kwa moja kwenye la pili. Kumwangusha mtu kunakula pumzi. Na kumkosa kunakula mara mbili, umejirusha, umebeba uzito wake, umekosa, unarudi wima mikono imejaa damu mizito kama mbao. Kwaiyo mi napenda kurudia pambano la zamani la huyo mwana mieleka nikaangalie pale anapokosa mara ya tatu, ya nne. Anabadilisha njia au anarudia ile ile? Mdomo umefunguka? Alafu naangalia ni pambano la raundi ngapi. Raundi moja ni dakika 5, mapambano ya kawaida ni raundi 3, pambano kuu na la ubingwa ni raundi 5. Dakika 15 na dakika 25 ni vitu viwili tofauti kabisa na kuna watu wakali mno wa dakika 15.

Hapo hapo ndo niliumia Agosti 2025. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini anatetea mkanda wake Chicago dhidi ya Khamzat Chimaev. Nikajiambia Chimaev anaangusha watu ndio, lakini huko nyuma kuna siku alionekana kuchoka kwenye raundi 3 tu, sasa 5 ataziweza? Na Du Plessis ni mtu wa ajabu, anapigana ovyo ovyo, anahema tangu dakika ya pili lakini hachoki kuliko alivyochoka mwanzo, nikasema raundi ya nne anamkamata. Nikatia elfu tano yangu. Chimaev akamwangusha raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nangoja achoke, ya nne, nangoja achoke, akamkalia zaidi ya dakika 21 kati ya 25. 50-44 majaji wote. Nilikosea wapi? Swali nililiuliza vizuri, jibu nililiona, alafu nikalifunika kwa sababu jamaa ni wa bara letu. Tena niliitumia ile ya "atachoka" bila kujiuliza kuwa aliyeko juu anapumzika na aliyeko chini ndo anabeba mzigo.

Tuje kwenye rekodi, hapa watu wa ngumi mnapotea sana. Kwenye ngumi bondia mwenye kupigwa mara nne mnamuona kaisha. Kwenye MMA kupoteza ni kawaida, bingwa anaweza kuwa na vipigo vitano na hakuna anayeshangaa, aina ya Khabib Nurmagomedov aliyestaafu 2020 na ushindi 29 bila kupigwa ni wachache mno. Cha kuangalia amepotezaje. Mtu aliyepoteza mara tatu kwa pointi na mtu aliyepoteza mara tatu kwa kuzimishwa miaka miwili ya karibuni, karatasi inasoma sawa, lakini yule wa pili kidevu chake, ule uwezo wa kubeba ngumi bila kuzimika, kimeshaanza kwenda. Kidevu hakirudi. Glovu zenyewe ni ndogo, aunsi 4, vidole viko nje, ile kujificha nyuma ya glovu kama mabondia wafanyavyo haifanyi kazi, ngumi inapenya katikati.

Uzito. Huku Kusini mizani hatuhitaji kufundishwa, mkulima wa Tandahimba au Nachingwea akiona mtu anaegemea mizani anajua kinachoendelea, na kangomba, ule ununuzi wa korosho wa vipimo vya ujanja, tunaijua na bakuli lake. Basi Aprili 2017 Daniel Cormier alipima uzito akazidi, 206.2 na mwisho ni paundi 205. Dakika mbili tatu akarudi, wakamshikia taulo mbele avue nguo zote, akaweka mikono juu ya taulo akaegemea kidogo, mizani ikasoma 205 kamili. Yaani ratili nzima na zaidi imepotea kwa taulo! Mjomba alipoona hiyo video alisema huyu angefaa sana chama cha msingi, sitasema kipi.

Ila uzito ni jambo zito kweli. Mtu wa daraja la paundi 155, ndo kilo 70 na kidogo, siku za kawaida anaweza kutembea na kilo zaidi ya 80. Wiki ya pambano anajikausha maji, sauna, maji ya moto, hanywi, anapima Ijumaa asubuhi, alafu ana siku moja na kidogo ya kujijaza tena. Kwaiyo Ijumaa mi siangalii namba peke yake. Naangalia mtu anavyopanda ngazi ya mizani, midomo imepasuka au la, anashikwa mkono au anatembea mwenyewe, macho yameingia ndani kiasi gani. Mwili uliokaushwa vibaya unachelewa kurudi, na wa kwanza kulipa ni pumzi na kidevu. Sio sheria hiyo, kuna watu wanapanda pale kama maiti na kesho yake wanaua mtu, lakini ukiona mwana mieleka anayetegemea kusukumana dakika 25 kapanda mizani anatetemeka, rudi kwenye utabiri wako.

Na kadi zinabadilika, mtu anaumia mazoezini, analetwa mbadala. Mbadala mara nyingi nampunguzia alama kwa pumzi, ila sio kila mara: Machi 2016 Nate Diaz alipewa siku 11 tu kujiandaa na Conor McGregor, akamkaba raundi ya pili. Lakini ona kilichokuwepo nyuma yake, pambano lilihamishiwa paundi 170 kwaiyo hakukuwa na kujikausha, na Diaz ni mtu ambaye mazoezi ya pumzi hayaachi hata kama hana pambano. Mbadala wa hivyo sio mbadala.

Haya majaji. Wako watatu, kila raundi mshindi anapata 10 na mwenzie 9 kwa kawaida, 8 kama amenyooshwa vibaya. Mjomba yeye bado ana kichwa cha zamani, anayesonga mbele ndo anashinda. Hapana mjomba. Sheria inasema kwanza angalia mapigo na mieleka vilivyoleta madhara, na vikiwa sawa kabisa ndo unaangalia nani alikuwa anashambulia, na hiyo nayo ikiwa sawa ndo unaangalia nani alitawala kizimba. Mtu anaweza kurudi nyuma raundi nzima, anamdonoa mwenzie usoni, akashinda raundi. Na raundi za karibu karibu ni bahati nasibu, Januari 2024 Du Plessis na Sean Strickland majaji wawili walimpa Du Plessis 48-47 na mmoja akampa Strickland 48-47, raundi moja tu ikipinduka kwa jaji mmoja mkanda unaenda kwingine. Kwaiyo ukiona wawili wote hawana uwezo wa kumalizana, na hakuna mwenye kumwangusha mwenzie, usijidanganye kuwa unatabiri hapo. Unarusha shilingi.

Sasa odsi, zile namba za malipo za kampuni za kubeti, maana najua wengi mmekuja hapa kwa ajili ya hizo. Odsi isome kama bei ya mnada wa korosho. Bei haikuambii korosho hii tamu kiasi gani, inakuambia wanunuzi wanaitaka kiasi gani, na anayeendesha mnada naye ana chake humo. Ukikuta mmoja ana 1.25 na mwingine 4.00, gawa 1 kwa kila namba: wa kwanza anapewa asilimia 80, wa pili 25. Jumlisha. 105. Dunia nzima asilimia zinaishia 100, hiyo 5 iliyozidi ndo ya mwenye duka, unailipa hata ukishinda.

Kwaiyo swali la kubeti sio nani atashinda. Ni je, huyu kweli ana asilimia 80? Kama hesabu yako ya pambano litapiganiwa wapi inakupa 65, basi 1.25 ni bei mbaya hata kama jamaa atashinda kweli, na mara nyingi atashinda. Hii inaumiza watu kuielewa, nimeshagombana nayo na rafiki zangu wawili mpaka mmoja hakunisalimia wiki.

Na mkeka ndo kabisa. Unachukua watu watano, kila mmoja una uhakika naye asilimia 75, unawashona pamoja, unajiona na mkeka wa uhakika. Zidisha 0.75 mara tano, unapata kama asilimia 24. Yaani karibu mara tatu kati ya nne mkeka unachanika, na wewe hujakosea kitu, uliowachagua ni wazuri kweli. Ukishona kadi nzima ya mapambano 12 kwa uhakika ule ule umebaki na asilimia 3. Kwenye kadi ya aina hiyo watu kama watatu wasiopewa nafasi watashinda, ni hesabu ya kawaida tu, sio uchawi na wala sio pambano la kupangwa. Unajua watatu, hujui ni wepi.

Leon Edwards alikuwa mmoja wao. Agosti 2022, Salt Lake City, anapigana na Kamaru Usman wa Nigeria, bingwa. Edwards kachukua raundi ya kwanza, tena alimwangusha Usman, kitu ambacho UFC hakikuwahi kutokea. Baada ya hapo Usman kaamua lipiganiwe wapi, raundi ya pili, ya tatu, ya nne, majaji wote watatu wana 39-37 kwa Usman. Raundi ya tano imebaki chini ya dakika moja. Mjomba alikuwa ameshasimama anatafuta kandambili aende zake, maana kulikuwa kumeshakucha na mama wa vitumbua alikuwa ameshaanza kuita pale nje. Edwards akatupia mkono wa kushoto kama kuzuga, Usman akainamia upande ule ule anaoinamia siku zote, na nyuma ya mkono ulikuwa unakuja mguu. Mjomba aliona mguu tu. Alibaki na kandambili moja mkononi, akakaa chini, akaniambia nirudishe.

Nilirudisha kama mara sita. Ile ya kuinamia upande ule ule ukiiangalia kwenye mapambano ya nyuma ya Usman ipo. Mi sikuiona kabla, kuna watu waliiona na kambi ya Edwards ilikuwa miongoni mwao. Kwaiyo siku hizi kadi ikitoka sikai na takwimu peke yake, nachukua pambano moja la karibuni la kila mtu, zima sauti, bila yale makelele ya watangazaji, naangalia anaposhambuliwa kichwa kinaenda wapi na mgongo wake ukigusa wavu anatokaje. Pambano moja moja, kwa pambano kuu na linalofuatia. Mapambano ya utangulizi sijisumbui sana, wengi wao ni wageni na video zao ni za giza, hapo naangalia mwana mieleka ni nani basi.

Kwa kadi inayokuja ratiba yangu ni ile ile. Ijumaa jioni naangalia video ya mizani, Jumamosi kabla ya kulala nahakikisha hakuna aliyebadilishwa, alafu naamka. Zikiwa za Las Vegas kadi kuu huku inaangukia Jumapili alfajiri, zikiwa za Abu Dhabi ni raha, unakula ugali wako saa mbili usiku na saa tatu unaangalia. Vibanda umiza vya huku alfajiri vimefungwa, wao ni mpira, kwaiyo ni king'amuzi au bando lako, na LUKU uiangalie mapema, siku ya Chimaev iliisha kwenye raundi ya pili nikatoka na taa ya simu kutafuta vocha kwa jirani.

Mjomba kanipigia jana. Hajauliza nani mkali. Kauliza, "Huyo mfupi wa pambano la pili, miguu anajua kushika?" Nimemwambia anajua, ila mwenzie hajawahi kulazwa zaidi ya dakika moja. Akanyamaza kidogo. "Basi hilo tuliache," akasema.